Kapo ya Chumba cha Nne

Hapana, sio koo. Koo yangu iko sawa, hata saa hii nikiita ng'ombe inanisikia ikiwa kule chini mtoni. Hujaniuliza, najua, lakini ulikuwa karibu. Kila mtu akikaa kwa hicho kiti lazima aulize kwa nini siku hizi nikienda kanisani nakaa nyuma na wanawake wa watoto wachanga, na mimi ndio nilikuwa naanzisha nyimbo. Hata pasta alikuja. Pasta wetu anaongea kama mtu amewekewa ndizi moto mdomoni: "Ma-ma yetu m-pen-dwa, ni koo?" Nikamwambia ni koo, ndio aende.

Ni kapo.

Kapo ni kale kachuma ka kubana nyuzi za gitaa. Kana springi kama pegi ya kuanika nguo, na kana mpira ndani, pale panagusa. Ukikabana juu zaidi, gitaa inaimba juu. Ukishusha, inashuka. Mume wangu alikuwa na moja, aliiweka kwa mkebe wa kakao. Yeye gitaa, mimi sauti. Tuliimba kanisani Sabato, na mtu akifiwa tulienda, kama ni Marani, kama ni Manga kule juu ya mlima, tulienda. Watu wakatuzoea.

Ile gitaa aliijali kuliko mbuzi zetu zote. Mimi nilikuwa naibeba tukienda mbali, kwa hivyo alinifundisha, na maneno yake yalikuwa yanatoka pole pole kama uji mzito: "Hizi vyuma za shingo… ni kuta. Katikati… ni vyumba. Kapo unaiweka karibu na ukuta, lakini usipande juu ya ukuta. Ukipanda… uzi unakufa sauti. Ukikaa katikati ya chumba… inalia kama paka." Unafungua mdomo ya kapo yote kwanza ndio unaiweka, usiiburute kwa shingo kama jembe. Ikae wima, isipinde, na isibane kupita vile inatakiwa. Ukimaliza kuimba, toa. Usiiache ikiuma gitaa mpaka asubuhi. Pangusa jasho, kunja kwa kitambaa, rudisha kwa mkebe, mbali na jiko, mpira isiyeyuke. Na usiitupe kwa mfuko pamoja na gitaa, itaikwaruza kama kuku kwa mboga. Mimi sikuenda shule, lakini hiyo niliijua kama sala.

Chumba changu kilikuwa cha nne. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Akajaribu cha pili, akajaribu cha tatu, akabana cha nne, na mimi nikatoka na sauti mpaka mama mkwe akaacha kusonga ugali. Akasema, "Wewe… unakaa hapa." Wenzangu walikuwa wanaringa na nyumba za mabati. Mimi niliringa na chumba cha nne.

Tukakaa huko miaka mingi. Halafu Sabato moja nikaona ameweka cha tatu. Nikamuuliza, wewe, mbona umenihamisha bila kuniambia? Akaangalia mikono yake. "Vidole… vinauma. Huko juu vyumba ni vidogo, vidole havitoshi." Nikaviangalia, nikaviona kama vimefura. Ni kuchuma chai na baridi ya asubuhi, nikasema. Tukakaa cha tatu. Baadaye cha pili.

Na mimi unanijua. Nilimwigiza mbele ya kwaya yote. Nilikunja vidole kama makucha ya kuku, natingisha kichwa, naongea na sauti yake: "Vidole… vinauma… nishusheni na mimi kwa kitanda." Watu wanalia kwa kicheko, na yeye anacheka pia, ameshika tu gitaa. Akashuka mpaka cha kwanza. Nikamwambia, mzee, sasa tumefika mlangoni, ukishuka tena tutaimbia nje. Hiyo alicheka mpaka akakohoa.

Ni kifua kilimmaliza. Wakati wa mvua. Tulitoka kanisani, akaegemeza gitaa kwa ukuta, akalala na viatu. Kapo ilikuwa bado imebana, chumba cha kwanza. Hajawahi kuiacha hivyo. Hapo ndio nilijua, sio kwa daktari. Hospitali kule Kisii walinieleza vitu vingi, mimi nilikuwa nafikiria ile kapo.

Wakati wa mazishi sikulia sana. Nilisikia watu wakilia, nikawaangalia. Niliona matope kwa viatu vya chifu. Niliona mwanamke mmoja amevaa sweta ndani nje. Wakaniambia nikule, nikakula. Jioni yake mtu akasema, tuigizie kidogo mama, tuchangamke, nikaigiza chifu akihutubia, wakacheka. Mimi sikusikia kitu. Ni kama mdomo umedungwa ganzi na daktari wa meno, unajua uko nao lakini haupo.

Na ile kapo nikaiacha. Nilijua inafaa itoke. Nikipita na ufagio nasema, itoe. Mkono haukuenda. Vidole vyake ndio viliifunga, nikiifungua basi imefunguliwa. Mvua ikaisha, maharagwe ikaiva, tukavuna, na kapo bado inauma gitaa tu.

Halafu kanisa wakasema watafanya ukumbusho, na niimbe ule wimbo wake, ule aliutunga nikiwa nimeolewa juzi tu. Hapo nikasikia kitu kidogo kimeamka. Nikasema nitauimba vile ulizaliwa, chumba cha nne. Sasa hakuna vidole vya kuuma. Nitarudi kwangu, huyu mzee anisikie vile alinisikia kwanza. Hicho tu ndio nilikuwa nataka. Chakula sikutaka, kuhurumiwa sikutaka, nilitaka hicho.

Wakanitumia mpiga gitaa wa kwaya ya Manga. Mtu mzima, ana duka la simu, na amekaa na simu mpaka anaongea kama ile sauti ya ndani ya simu: "Mama, nakusikia. Mama, tafadhali subiri kidogo." Tulikuwa nje, mimi na wifi yangu, dada ya mume wangu. Yeye tumesimama bega kwa bega kwa kwaya maisha yote. Haongei sana, na akiongea inatokea puani. Alikuwa anaambua maharagwe.

Huyo bwana kuona gitaa akashika kichwa. "Mama! Hii kapo imekaa hapa tangu lini?" Mpira ilikuwa imegandana na shingo. Akaifungua pole pole, nikasikia ile springi ikilia. Nyuma ya shingo ikabaki alama, kama mtu ameng'ata muwa akaacha. Nyuzi zimepinda hapo na zina kutu. Akapangusa, akaweka nyuzi mpya, akaangalia shingo na jicho moja kama mtu anapima mbao. "Bahati, haijapinda. Lakini alama haitatoka, mama. Ungekuwa unaitoa tu." Nikamwambia najua, nilifundishwa.

"Weka cha nne," nikasema.

Akaweka. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti ya geti bila mafuta. Mbwa akaamka, akahamia kwa jirani. Nikasema ni asubuhi bado, rudia. Akarudia, nikakwama pale pale. "Mama, tafadhali, tujaribu cha tatu." Cha tatu, nikakatika njiani. Cha pili, nilifika nikiwa nimesimama na vidole vya miguu. Hakuniuliza tena, akashusha cha kwanza, na wimbo wote ukatoka, laini, mpaka mwisho.

Akafurahi. "Hapa sasa! Mama, hapa ndio sauti yako."

Nikamwambia hapana, hapo ni pa vidole vya mzee. Vilikuwa vinamuuma, ndio akawa anashusha.

Akaangalia gitaa. Akaniangalia. Ile sauti ya simu ikamtoka, akaongea kama mtu wa kawaida. "Lakini mama, vidole vikiuma mtu hupandisha kapo. Huko juu nyuzi zinalainika, vyumba vinakaribiana, mkono haunyooki sana. Huku chini ndio kunaumiza. Sasa yeye alikuwa anashusha kwa nini?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu, na hata nilikuwa nimekunja vidole tayari kumwigizia mzee. Wifi yangu hakuinua macho kwa maharagwe.

"Ndugu yangu hakuwahi kuumwa na vidole. Ni wewe ulikuwa hufiki huko juu."