Kisigino na Mama Mkwe

Katika kituo kimoja cha afya Shinyanga mlango wa daktari haufungiki vizuri, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi tuliona na kusikia yote. Ndani alikuwa muuza chapati na mumewe. Alikuwa amevua ndala zilizolika hadi kubaki kama karatasi.

"Dokta, asubuhi nikikanyaga tu chini kisigino kinachoma kama msumari. Nikitembeatembea kinapungua. Mganga wa kienyeji kasema kuna dawa imefukiwa mlangoni kwangu."

"Kaifukia nani?"

"Mama mkwe. Si ndiye anafagia pale alfajiri? Tumeshampeleka kwa dada yake kule Ushetu."

Mume akatazama dari.

"Ukienda kulala kwenu je?"

"Kinauma vilevile."

"Na huko mkwe wako anafagia?"

Benchi zima tukacheka, kisha tukakumbuka tuko wapi. Huku kwetu vikongwe wameuawa wakiitwa wachawi kwa ushahidi mwembamba kuliko huo.

Daktari akambonyeza kisigino kwa dole gumba, muuza chapati akaruka. Akaelezwa kwamba utando wa unyayo umeumia kwa kusimama kutwa kwenye saruji na ndala hizo. Usiku unakakamaa, ndiyo maana hatua za kwanza zinauma. Avae viatu vya soli nene, anyooshe unyayo kabla ya kushuka kitandani, na avumilie, huenda ikachukua miezi.

"Kwa hiyo mama yako, mzee wa watu, arudi nyumbani," daktari akamwambia mume.

Mume akakuna kichwa. "Tumalize kwanza matibabu, dokta, halafu tuone."

Tuone nini, baba? Mama aliyekuzaa akae Ushetu miezi yote hiyo, akisubiri kisigino cha mkeo kimsamehe?