Vidole vya Kipimajoto

Kiwandani hakuna anayemwita shemeji yangu, mume wa dada, kwa jina lake. Wanamwita Kipimajoto. Amekaa na mashine moja miaka kumi na tisa, na dada amekaa naye miaka kumi na saba. Dada alikuwa akisema, "Mimi ni mke mdogo, mke mkubwa yuko kazini," na sote tunacheka.

Mashine yenyewe inatengeneza ile mifuko ya plastiki inayosimama yenyewe, ya sabuni ya maji na dawa za kusafishia. Watu wanadhani mfuko ni mfuko tu. Wapi! Plastiki inaingia ikiwa roli, inakunjwa katikati iwe kuta mbili zinazotazamana, na chini, baina ya kuta hizo, kinapachikwa kitako kilichokunjwa kwa ndani. Ukiujaza, kitako kinafunguka na mfuko unasimama. Taya mbili za chuma zenye moto zinabana na kuachia, taya za baridi zinabana papo hapo ili kiungo kishike, kisha kisu kinakata. Kazi ya moto ni kuyeyusha utando wa ndani ili kuta zigandane. Ukizidi, plastiki inaungua na unaona. Ukipungua ndiyo balaa, kwa sababu mfuko unatoka mzuri, umeziba, unang'aa, na ni mwongo. Unadanganyia pembeni, pale chini ambapo kitako kinakutana na kuta na plastiki inakuwa mikunjo minne.

Mashine ina saa ya joto, lakini inapima sehemu moja tu ya taya. Upande wa pili unaweza kupoa kabisa, saa ikabaki na namba ileile. Kulikuwa na chombo cha kupimia pia, unauzamisha mfuko majini na kutazama mapovu. Kiliharibika, kikapelekwa kutengenezwa, mpaka leo hatujakiona. Msimamizi hakuhangaika, ana haja gani na chombo wakati ana Kipimajoto? Shemeji alikuwa anapenyeza mkono kati ya taya za moto na za baridi, anaminya pembe ya mfuko kwa vidole viwili, anasema, "Kushoto kumepoa." Fundi umeme anafungua kushoto, anakuta waya umekatika. Wageni wakija kiwandani, walikuwa wanaletwa kumtazama. Kichwa kilimvimba, simsingizii.

Mimi nakaa mwisho wa mashine hiyo, napanga mifuko kwenye maboksi. Siku moja baada ya chakula nilinusa nyama inaungua. Kuinua kichwa, shemeji anapiga soga na fundi umeme, anacheka, na kidole chake cha shahada kimelala juu ya taya ya moto. Nilipiga ukelele. Alinitazama mimi kwanza, akashangaa napigia nini kelele, halafu ndipo akatazama mkono wake.

Nilimburuta mpaka kwenye bomba la nje. Huko akanieleza yote. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu mwaka uliopita, vyote vya mikono yote miwili, maana alikuwa anaipokezanisha. Miaka yote ile ya kuminya moto, nyama ilikuwa imegeuka sugu.

"Sasa unapimaje?" nikamuuliza.

"Nabahatisha, shemeji."

"Unabahatisha! Una akili timamu wewe?"

"Usimwambie dada yako. Na msimamizi asijue. Nikitolewa kwenye ile mashine nitakuwa nani? Wa kufagia?"

Nilimtukana matusi ambayo shemeji hatukanwi. Kisha nikamwonea huruma, mjinga mimi. Tukala njama pale pale bombani. Kila saa nitajifanya nakuja kuokota vipande vilivyokatwa na kisu, nitapenyeza mkono, nitaminya pembe zote mbili. Pakiwa pazuri, nafuta jasho usoni. Pakiwa pabaya, najikuna sikio. Yeye ndiye atakayetangaza. Miezi miwili tulicheza mchezo huo, na hata mara moja hatukukosea. Watu wakaendelea kumsifu, naye akaendelea kusifiwa, na mimi niliungua vidole kimyakimya.

Lakini nilijua mifuko yetu inakwenda wapi. Sehemu kubwa inakwenda kiwanda cha ng'ambo ya barabara, kule wanakojaza dawa ya kuzibulia mabomba, ile inayoyeyusha nywele na mafuta. Na anayeijaza ni dada yangu, mtoto wa mama yangu. Nilijua, na bado nilinyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Msichana wa mashine ya pili hakutokea, msimamizi akaja moja kwa moja kwangu. "Wewe, leo utakaa kule." Shemeji alinitazama. Nikamtazama. Pale pale angeweza kusema, au ningeweza kusema mimi. Msimamizi alikuwa amesimama kati yetu, anasubiri niondoke. Nikaondoka.

Nilijipa moyo kwamba atatafuta njia. Njia ilikuwepo, hata wanagenzi wanaijua: unajaza mfuko maji, unaulaza sakafuni, unaukanyaga kwa uzito wako wote. Ukipasuka, umejua. Lakini Kipimajoto akanyage mfuko mbele ya watu? Wangemwuliza vidole viko wapi. Kila saa nilimwona kwa mbali anapenyeza mkono, anaminya, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi kweli. Upande wa kulia wa taya ulikuwa umepoa tangu asubuhi, nilikuja kujua baadaye. Maboksi arobaini yakavuka barabara.

Alhamisi dada alikuwa anajaza. Wanapewa miwani ya plastiki, lakini imechunika kwa dawa mpaka huoni mstari wa kujazia, kwa hiyo wanaipandisha kwenye paji la uso. Aliinua mfuko kwenye mwanga apate kuuona mstari, akauminya kidogo kutoa hewa. Pembe ya kulia ikaachia. Dawa ilimrukia yote usoni.

Jicho la kushoto lilikwenda siku hiyo hiyo. La kulia daktari alisema tungoje, tukangoja wiki tatu. Likaenda nalo.

Msimamizi alishaulizwa na wakubwa, naye alijibu kwamba mifuko ilipimwa na mtu mwenye uzoefu kuliko wote. Wakubwa wakasema basi, huo mmoja utakuwa ulipasuka kwa kubanwa vibaya. Dada, yeye ndiye aliyeubana vibaya! Damu ilinichemka, nikamtazama shemeji, naye akainamisha uso. Hakusema kitu. Na mimi je? Nami sikusema.

Dada aliporudi nyumbani nilikwenda kusaidia. Shemeji alikuwa amechemsha maji ya kumwosha uso, ameyachanganya kwenye beseni, amepiga magoti mbele ya kiti. Dada akauliza, "Yasiwe ya moto, ngozi bado mbichi. Yakoje?"

Akatumbukiza mkono. Akautoa. Akautumbukiza tena, kisha na wa pili.

"Mbona husemi? Yakoje?"

"Sijui," akasema. Machozi yakaanza kumtoka. "Mke wangu, mimi sijui. Vidole vyangu havijui kitu. Tangu mwaka jana."

Si mjinga dada yangu. Ile mifuko anaijua, na kazi ya mumewe anaijua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo, nikiomba asikumbuke kwamba nipo.

"Na wewe," akasema, akageuza uso upande wangu hasa, "wewe unayekaa naye mashine moja, ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Asingeuona uso wangu.

"Nilijua, dada."

Aliutafuta mkono wa mumewe, akaushika, akamwambia aongeze maji ya baridi. Kisha akaniambia niweke taulo kitini niende.

Shemeji alikwenda mwenyewe kwa msimamizi Jumatatu, akasema yote. Siku hizi hana kazi, anampikia dada na kumwongoza. Dada alimsamehe, nawaona wakipita barabarani, ameshikilia bega lake. Mimi nikipiga hodi, anayekuja ni shemeji. Anafungua nusu ya mlango, anapokea nilicholeta, ananiuliza habari za nyumbani. Dada yuko nyuma yake pale sebuleni, namwona miguu. Sauti yangu anaijua vizuri. Anasubiri niondoke.