Swichi mpya ya waipa na kamba yangu

Leo nimepigana na waipa za gari letu wenyewe, na nilikuwa nashinda.

Pikapu yetu ya zamani waipa zilikufa kitambo. Mvua ikinyesha nilikuwaga navuta kamba. Tuliifunga kwenye waipa, ncha zake zikapita madirishani mpaka mikononi mwangu. Mume wangu anaendesha, mimi navuta kushoto, kulia, mpaka tufike.

Mafundi wote walisema mota imeungua. Leo asubuhi fundi wa hapa Bweri akaipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikazunguka! Akabadilisha swichi tu.

Kamba tukaiacha palepale. Imani inakujaga polepole.

Tukaondoka kupeleka keki ya harusi Bunda. Njiani, mvua hiyo!

Mume wangu akawasha swichi. Waipa zikanguruma, zikatetemeka, zikagoma.

"Tumeliwa," nikasema. Lami haionekani. Matone yanaingia dirishani, yanagonga boksi la keki ya watu.

Akanigeukia. "Mama Neema, unafanya nini?"

Nikaangalia mikono yangu. Nimeikaza ile kamba kama nashikilia ndama.

"Achia!"

Nikaachia.

Jamani! Waipa zikafagia kioo chote, barabara ikarudi. Tukasimama kidogo tukaifungua kamba, tukapandisha vioo, tukacheka mpaka Bunda. Keki imefika salama, bibi harusi hajui lolote.

Sasa wenye magari mazima naomba kuuliza: mvua ikinyesha, mikono mnawekaga wapi?