Mwaka Mwalimu Nikolao Alipokaa Nyuma

Siku hizi kiongozi akila mali ya watu huandikiwa barua ya uhamisho, akaenda kula kwingine. Haya zimekwisha. Mimi niliwahi kumwona mtu akiona haya, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwepo.

Alikuwa Nikolao, mwalimu wa kanisa kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kutoka Newala. Mwaka ulikuwa 1953. Kisima hatukuwa nacho. Wanawake waliteka maji bondeni, upande wa Ruvuma, wakitoka alfajiri na kurudi jua la utosi. Paa la bati lilikuwa moja tu, la kanisa, na pembeni yake tangi la maji ya mvua. Maji yale yalikuwa ya wagonjwa na ya ubatizo. Ufunguo alikaa nao Nikolao.

Alikuwa mtu hodari, mwenye sauti ya kujaza kanisa. Lakini aliitamani nyumba ya matofali kama ya karani wa Newala. Kiangazi kile akaanza kufyatua matofali, na udongo haukandwi kwa mate. Jioni baada ya jioni alifungua kufuli la tangi. "Nilichota kidogo," alituambia baadaye, "na kila siku ilikuwa kidogo."

Tulikuwa watu kumi na wanne, tumefundishwa miaka miwili, tukimngoja Padri Yohana atoke Masasi aje kutubatiza Sikukuu ya Watakatifu Wote. Siku tatu kabla, Nikolao alituita akasema tangi limevuja, hakuna maji, pengine ubatizo ungoje mvua.

Mama Josephina, mkubwa wetu kwa umri, aliinama akapapasa ardhi chini ya tangi. Ilikuwa kavu kama unga wa muhogo.

"Mwalimu," akasema, "limevujia kwenye tanuri lako la matofali?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Akasema polepole, "Ndiyo, mama. Nimeyamaliza mimi. Na sasa hivi nimewadanganya."

Alfajiri alichukua debe akawafuata wanawake bondeni. Mwanamume kubeba maji kichwani! Kicheko kilimsindikiza njia nzima.

"Mwalimu," Stamili, mmoja wa wanawake wale, alimwita, "kumbe mkeo Cecilia ndiye aliyekuoa?"

Wakati wa kurudi, kwenye mpando wa kutoka bondeni, alijikwaa, debe likamwagika lote. Akakaa chini akalia. Bi Fatu, jirani yetu Muislamu, ndiye aliyemfungia upya ngata ya kichwani.

"Inuka, baba. Maji hayaulizi dini, yanauliza shingo."

Siku zile mbili zilizobaki, Bi Fatu na wenzake kila walipotoka bondeni walipita kanisani, kila mmoja akamimina kata moja tangini. Ndivyo tulivyoishi. Leo bomba lipo, likipenda kutoa, na kila mtu amefunga geti lake.

Padri alifika Jumamosi. Kabla hajaketi, Nikolao alipiga magoti mbele yetu akasema yote, hata ule uongo wa tangi kuvuja.

"Ubatizo utakuwepo," Padri alisema. "Wewe utakaa nyuma mwaka mzima. Hutafundisha, wala hutashiriki meza ya Bwana."

"Nashukuru, baba."

Tukabatizwa kesho yake. Maji yalikuwa na mchanga, ukaniingia machoni, nami nikafurahi.

Matofali Nikolao aliyatoa kwa kanisa. Kila Jumamosi aliwatekea maji vikongwe. Na kwa kuwa hakuwa na darasa, jioni alinifundisha mimi kusoma, kijana wa miaka ishirini ambaye hakuwahi kukanyaga shule. Kila kitabu nilichosoma tangu hapo kimetoka katika adhabu ya mtu yule.

Siku moja nilimuuliza, "Mwalimu, kukaa nyuma hakukuumizi?"

"Kunaniuma. Lakini kule mbele nilisikia sauti yangu tu. Huku namsikia Mama Josephina anavyoomba. Nilimfundisha miaka miwili, wala sikujua kwamba ananiombea mimi."

Mwaka ulipokwisha Padri alimrudisha. Jumapili ile Nikolao alisimama mbele akasema hataanza mpaka tumwombee. Tukamwombea. Kisha akaniita nisome somo la kwanza. Nilikosea maneno mawili, na nilipomaliza, yeye ndiye aliyeitikia kwa sauti kupita wote: "Tumshukuru Mungu."