Mzazi wa Kuazimwa

Jamleck Muturi alikuwa amechoka kuomba msamaha, na ukimtazama ungejua. Si uchovu wa shamba. Ule wa shamba unalala nao usiku na asubuhi umeondoka. Huu ulikuwa umemkaa mabegani na kwenye magoti, haumtoki hata siku ya Jumapili. Kule Kuresoi juu, mahali viazi vinakubali na baridi haina adabu, hakuna mzee mwingine aliyesimama mbele ya walimu wakuu wengi kama yeye.

Unajua vile mambo huenda. Mtoto akikosea shuleni anaambiwa, "Nenda nyumbani, urudi na mzazi." Mzazi anavaa koti, anabeba kitu kidogo cha shamba, anasimama mlangoni mwa ofisi na kuomba. Mwalimu anafoka, mzazi anainamisha kichwa, mtoto analia au anajifanya analia, na maneno yanaishia hapo. Jamleck alifanya hivyo kwa kifungua mimba wake, akafanya kwa wa pili, na walimu wakampenda kwa sababu hakuleta ubishi hata kidogo. Basi majirani wakaona hapa kuna kipaji. Akaanza kuazimwa. Mtoto akifukuzwa shule na baba yake ni mkali, au yuko mbali, au ni mtu wa chupa, anakuja kwa Jamleck jioni akitazama chini: "Mzee, tafadhali, kesho uwe mzazi wangu." Naye, maskini, hakujua kusema hapana. Siku moja alikwenda kumwombea kijana wa jirani yake Kipruto. Naibu wa mwalimu mkuu akamtazama juu mpaka chini, akauliza imekuwaje mtu anaitwa Muturi na mtoto wake ni Mkalenjin. Jamleck akasema yeye ni mjomba. Naibu alicheka mpaka akatoa leso, na kijana akarudi darasani.

"Endelea tu," mke wake Njoki alimwambia siku hiyo akimwosha koti. "Wenye watoto wamekaa nyumbani wanakunywa chai, wewe ndiye unapigiwa kelele."

Jamleck alilipokea koti akalianika. Ilikuwa kweli.

Halafu Tabby, kitinda mimba wao, akaitwa chuo kikuu Nakuru mjini. Wa kwanza katika nyumba ile, na nadhani wa kwanza katika mteremko mzima ule. Kanisani alisimamishwa mbele, watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele, mbuzi akachinjwa. Alikuwa amepewa kozi ya hesabu za bima. Hakuna aliyejua ni kitu gani, ila ilisemekana ni kozi ya watu wenye vichwa. Jamleck alimshukuru Mungu, kisha akaning'iniza lile koti la ofisini nyuma ya mlango. Alidhani amestaafu.

Wacha nikuambie, hakustaafu. Mwaka wa pili wa Tabby, katikati ya muhula, simu ilipigwa na Namalwa, msichana aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja chuoni. Sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa kusemwa mchongezi.

"Mzee, samahani. Tabby haji darasani tangu tufungue. Amehama hata chumba. Na Ijumaa hii ndiyo mwisho. Asipofika ofisini watamfutilia mbali."

Jamleck akampigia mtoto. Simu iliita, haikushikwa. Akapiga tena, na tena. Basi Ijumaa asubuhi alilitoa koti nyuma ya mlango, akalipiga mavumbi, akafunga nusu gunia la viazi, vile vizuri vya kuchagua, akateremka Nakuru. Njiani kote alikuwa akipanga maneno yake. Atasema mtoto amepotoka lakini si mbaya. Atasema ni utoto. Maneno alikuwa nayo, tena alikuwa nayo mengi. Kitu kimoja tu alichokuwa akikitaka duniani siku hiyo ni nafasi ya Tabby isipotee.

Ofisi ya msajili ilikuwa na mama mmoja mwenye miwani, Madam Achola, ambaye macho yake yalionyesha kwamba naye amechoka na watu tangu Jumatatu.

"Karibu mzee. Kaa."

Jamleck hakukaa. Anayeomba msamaha hakai. Aliweka gunia karibu na mlango, akavua kofia, akaanza: mtoto ni wangu, mimi ndiye mwenye makosa, nyumbani tumeongea, hatarudia...

"Ngoja, mzee," Madam Achola alimkatiza, bila ukali. "Unaomba msamaha wa nini?"

"Wa mtoto. Ametoroka masomo."

"Lakini hapa hakuna aliyekasirika."

Miaka yote hiyo alikuwa amezoea mtu amefura mbele yake, naye kazi yake ni kumpoza. Sasa hapa amefura nani? Alibaki ameshika kofia.

Madam Achola akamweleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza hivyo wiki nzima. Mwanafunzi akitaka kupumzika, anaomba likizo ya masomo, anatunziwa nafasi yake mwaka mmoja, anarudi kozi ile ile. Asipoitaka kozi yenyewe, anajiondoa rasmi, nafasi inakwenda, lakini anatoka bila doa na anaweza kuomba kozi nyingine hata chuo kingine. Akipotea tu kimya kimya mpaka siku ya mwisho ipite, anafutwa, na itaandikwa kwamba alitoroka, na kila atakakokwenda wataisoma. Siku ya mwisho ni leo, ofisi ikifungwa basi.

"Hiyo ya likizo," Jamleck alisema haraka. "Hiyo ndiyo tunataka. Nipe niweke sahihi."

"Sahihi ni ya Tabby."

"Mimi ni baba yake."

"Najua, mzee. Lakini hii si sekondari. Hapa mwanafunzi ni mtu mzima, hatuiti mzazi. Hata angekuja chifu."

Jamleck akaona sasa maneno yamemwishia, imebaki ile dawa yake ya mwisho. Akaanza kukunja magoti. Madam Achola aliruka kutoka kwenye kiti chake kama aliyemwagiwa chai.

"Ai, mzee! Usinipigie magoti, tafadhali! Nenda umlete mtoto. Hata akija na slipa, aje. Na hivyo viazi urudi navyo, nitafukuzwa kazi."

Alitoka nje akiwa na hasira, na hasira zenyewe hakujua azipeleke kwa nani. Gunia alimwachia soja wa getini. Akampigia Namalwa, akambana mpaka akasema: Tabby yuko mtaa wa Kaptembwo, nyuma ya soko, kwa mama mmoja anayefuma sweta za shule. Jamleck akachukua bodaboda. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake, na kijana wa boda akawa anaitikia "ndio mzee" bila kusikia.

Alimkuta kweli. Chumba kidogo, sweta za kijani na za maruni zimepangwa mpaka dari, na Tabby nyuma ya mashine, anavuta mkono kulia, anavuta kushoto, kra, kra. Nyuzi zimemshika nywele. Alipoinua macho akamwona baba yake amevaa lile koti, mikono ilisimama.

"Umevaa koti," alisema, na machozi yakaanza hapo hapo.

"Nisivae kwa nini? Wewe unataka kuniua, Tabby? Watu wazima wanapiga simu, wewe hushiki! Mbuzi aliliwa! Kanisa lilipiga makofi!" Alifoka, kisha akakohoa, kisha akakaa juu ya rundo la sweta. "Kwa nini hukuniambia?"

Tabby alijifuta kwa mkono wa sweta ambayo haikuwa yake.

"Baba, siielewi ile kozi. Mwaka wa kwanza nilisoma mpaka nikaumwa na kichwa. Nakaa darasani, wenzangu wanaandika, mimi naangalia ubao tu. Nimechoka. Nimechoka, baba, hata kuamka."

"Si ungesema! Ningekuja niongee nao."

"Ndiyo maana sikusema."

Jamleck hakuelewa.

"Unakumbuka kidato cha tatu?" Tabby aliuliza. "Tulipokataa kula githeri, mahindi na maharagwe kila siku?"

Alikumbuka. Darasa zima lilikuwa limetumwa nyumbani, na Jamleck akaja na Tabby wakati wa gwaride, akapiga magoti kwenye kokoto mbele ya shule nzima.

"Suruali yako ya kijivu ilipasuka, damu ikatoka," Tabby alisema. "Wasichana walicheka. Ukasimama ukaniambia, 'Yameisha, nenda darasani.' Mimi sikucheka. Niliapa hutapiga magoti tena kwa sababu yangu. Sasa nikianguka huku, ningekuambiaje? Ungevaa tu koti uje."

Jamleck alitazama magoti yake. Alikuwa akidhani siku ile alimsaidia. Kumbe mtoto alikuwa ameibeba mwilini miaka yote. Aliumia, tena aliumia kuliko siku ya kokoto zenyewe, na hasira yote ikamtoka ikamwacha mtupu.

"Sawa," alisema. "Lakini leo ni mwisho. Twende uweke sahihi ile ya likizo. Mwaka mmoja tu, upumzike, urudi. Nafasi isipotee, mama. Hiyo tu ndiyo nakuomba."

Tabby alifunika mashine kwa kitambaa, akachukua kitambulisho chake, wakatoka.

Walifika ofisi ikiwa bado wazi. Mlangoni Jamleck, kwa mazoea, akavua kofia na kusafisha koo. Tabby akamshika mkono.

"Baba, kaa hapa nje."

"Nikusindikize tu. Sitasema kitu."

"Baba. Tafadhali."

Akaingia, mlango ukafungwa. Jamleck alikaa kwenye benchi ya korido. Mikono yake haikujua la kufanya, ikawa inazungusha kofia tu. Alisikiliza kama kuna mtu anafoka ndani. Hakusikia chochote, na kimya hicho kilimtesa kuliko kelele.

Tabby alipotoka, macho yalikuwa mekundu lakini shingo imenyooka.

"Umeomba likizo?"

"Nimejiondoa, baba. Kabisa. Nafasi imekwenda."

Jamleck alifumba macho. Mbuzi, makofi, vigelegele, vyote vilimpita kichwani. Alitaka kulia na hakuwa na nguvu ya kulia.

"Mwakani nitaomba kozi nyingine, hata kama ni ya chuo kidogo," Tabby alisema. "Nimeuliza kila kitu. Na watu wa nyumbani nitawaambia mwenyewe, hata kanisani. Wewe usiende kwa mtu."

Mzee akauliza swali moja, kwa sauti ndogo, kwa kuwa ndilo pekee alilolijua katika mambo ya ofisi.

"Ulipiga magoti?"

"Hapana, baba. Nilikaribishwa kiti, nikakaa."

Jamleck akaitikia kwa kichwa taratibu. Alivua lile koti, akalikunja, akaliweka kwapani, na baridi ya jioni ikamshika mikono. Akainuka kwa kujishikilia kwenye ukuta, magoti yakilalamika.

"Haya, twende," alisema. "Viazi viko kwa soja."