Gurami wa Buluu Nyumbani kwa Mama Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila kijana anaponisogezea simu usoni na kuniuliza, "Bibi, huyu samaki si mzuri?" Mzuri, ndiyo. Nani amebisha? Macho yangu yamezeeka lakini rangi bado nazijua. Mimi nakuuliza anaishije na wenzake, nawe unanitafutia picha nyingine. Mnanichosha, wallahi. Kaa nikusimulie, maana naona picha hizo hazina mwisho.

Nilikuwa nimeolewa hapa Kwamndolwa, hata mwaka sijamaliza. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Enzi zake aliendesha gari la shamba la mkonge, na meneja mmoja alipohama alimwachia tangi la kioo pamoja na samaki wake wa mapambo. Walikuwa gurami lulu, dume na jike, wana madoa meupe mwili mzima kama waliomwagiwa chenga za mchele, na kifuani nyuzi mbili ndefu za kupapasia. Wapole hao, mpaka unawaonea huruma. Mama mkwe akimaliza sala ya alfajiri alivuta kigoda mbele ya kioo, akawalisha na kuwasalimia kwa sauti, kana kwamba watamjibu. Wale ndio aliobakiwa nao kutoka kwa mumewe, na nyumba nzima tulilijua hilo.

Basi siku hiyo mume wangu, Rashidi, alikuwa na safari ya Tanga mjini. Mama akamwagiza samaki wengine wawili watatu, wadogo, wa kuwachangamsha wale wazee. "Lakini muulize muuzaji tabia zao kwanza," akamwambia. Sasa niambie, hapo pana fumbo gani? Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kutumwa akarudi salama. Rashidi akarudi na mfuko wa plastiki, na ndani yake gurami mmoja wa buluu, mkubwa kama kiganja, amejaa mbwembwe tupu.

"Umeuliza tabia yake?" mama akasema.

"Mama, kwanza itazame hiyo rangi!"

"Mgosi, nilikutuma samaki au shati?"

Lakini mtoto akishaleta zawadi utafanyaje? Akamfungulia, akamtia tangini. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, wenyeji wakaugua. Asubuhi yake dume la lulu lilikuwa limekatwa uzi mmoja na mapezi yamechanika. Jike lilikuwa limejibana kwenye kona, na kila likijaribu kupanda juu, yule wa buluu analishukia. Na gurami, kama hukujua, hupanda juu kuvuta hewa. Ukimzuia asifike, atakufa kwa kukosa pumzi na maji yamemjaa pande zote. Mama mkwe alikuwa ameshika kioo kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa na hasira za karibu. Siku hizi zimepungua, ingawa Rashidi ukimuuliza atakuambia vingine. Nilichukua chujio la nazi, nikamvua yule mtukutu, nikamtia kwenye bakuli la maji. "Huyu naenda kumtupa mto Pangani sasa hivi," nikasema, "au nimkaange kabisa, tumjue utamu wake!"

"Mtupe tu," akasema Rashidi, anatazama chini.

"Weka bakuli chini," akasema mama mkwe.

"Mama, samaki huyu ni mbaya!"

"Si mbaya, ni mkali. Kaletwa pasipomfaa, na aliyemleta alichagua kwa macho." Akamgeukia mwanawe. "Na ndivyo unavyochagua siku zote. Ulipokuja kuniambia umeona binti Mazinde, ulinisimulia meno, ukanisimulia shingo, ukanisimulia mwendo. Neno la tabia sikulisikia. Ikabidi nimtume shangazi yako akaulize majirani."

Binti huyo ndiye mimi. Majirani zetu wa Mazinde nawajua, midomo yao haina kufuli.

"Walisema nini, mama?" nikauliza.

"Walisema binti ni mchapakazi na hasemi uongo, ila ni mkali, hawezi kupika jiko moja na mtu. Shangazi akasema tuache. Mimi nikasema tumchukue, ila ajengewe jiko lake."

Mwanangu, lile jiko la uani nilikuwa nikijisifia kwa mashoga zangu kuwa nimejengewa kwa sababu napendwa! Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisimama na bakuli langu, sina pa kutazama. Ndipo nikaona kwamba kweli nimependwa, tena na mtu aliyekwisha kuambiwa ukali wangu.

Gurami wa buluu alipewa pipa lake kivulini, akakaa humo peke yake akila viluwiluwi vya mbu, wala hakumsumbua mtu tena. Dume la lulu lilipona. Jike halikupona. Mama mkwe alilizika mwenyewe kwenye shina la mgomba, na Rashidi hakugombezwa hata kwa neno moja. Alikonda kwa kimya kile kuliko ambavyo angekonda kwa matusi.

Haya, sasa nisikie, na simu iweke mfukoni. Unataka tangi la samaki wa kuchanganya? Chukua gurami lulu, au gurami asali, yule mdogo wa manjano asiye na makuu. Dume liwe moja na majike yake, kwa sababu fahali wawili hawakai zizi moja, na majini ni vivyo hivyo. Weka majani ya kujifichia. Usijaze maji mpaka ukingoni, waachie nafasi ya kupumua. Yule wa buluu ukimtaka sana, mtafutie tangi lake. Simama dukani uwaangalie wakila, na muuzaji akikuambia "wote hawa wapole," aga uondoke, huyo anauza rangi.

Na sisemi samaki peke yao. Ulizia tabia kabla ya sura, kwa mke, kwa mume, kwa mshirika wa biashara. Ila uliyekwisha kumleta ndani, akionekana mkali, usikimbilie kumtupa mtoni. Umemleta wewe. Mtafutie nafasi inayomfaa.

Mungu akupe subira ya kuuliza, mwanangu, maana naona hiyo hukuzaliwa nayo. Na siku watu watakapopita kwa majirani kuulizia habari zako, majirani waseme kweli yote, na mwenye kuisikia akuchukue hivyo hivyo.