Daud Anakaa Nyuma

Daud alilelewa Garissa, akajifunzia ufundi Nairobi, na sasa anatengeneza magari katika gereji moja ya Saltley, Uingereza. Ni jirani yangu. Watu wakisema ana kinyongo, nawajibu kwamba hata mimi ningekuwa nacho.

Mwaka 2015 Hasmukh, mwenye gereji, alinunua basi kuukuu ambalo zamani shirika la ndege la Uingereza lililitumia kubebea abiria wake kutoka mjini hadi uwanjani. Viti vya nyuma vimeinuliwa, na mizigo hukaa chini yake. Miaka mitatu Daud alilifufua kila Jumapili, bure, kwa ahadi moja tu: siku litakapotoka, yeye ndiye atakayeshika usukani.

Siku ikafika, Jumamosi moja ya Juni 2018. Wageni walijaa uani kwa safari ya kwanza, nami nikiwemo. Daud alivaa shati jeupe na tai, na binti yake Hamdi alisimama mbele na simu kumrekodi. Mara Hasmukh, mzaliwa wa Kisumu, akatokea na kofia ya dereva kichwani.

"Fundi, leo naendesha mimi. Photographer amekuja. Wewe kaa nyuma, in case kitu kiharibike."

"Lakini tulikubaliana, Mzee."

"Kaa nyuma, bwana!"

Daud akasema sawa. Niliisikia ile sawa, na haikuwa sawa hata kidogo.

Basi lile halina klachi. Unachagua gia kwanza kwa mkono, kisha unakanyaga pedali ya kushoto mpaka mwisho, unaachia. Ukiikanyaga nusu, ukiigusa tena inakurudi kwa teke la punda. Daud alimwonyesha Hasmukh mara mbili, na mara zote mbili Hasmukh alikuwa kwenye simu. Asubuhi ile Daud angeweza kumkumbusha. Alinyamaza makusudi.

Hasmukh hakufika hata getini. Alikanyaga nusu, akakanyaga tena, pedali ikaruka, goti likagonga usukani. Ukelele wake ulifika Alum Rock Road. Nilicheka mpaka machozi, na sijutii.

"Daud! Njoo uendeshe, tafadhali! Wageni wanangoja!"

Daud alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, amekunja mikono. "Nimeambiwa nikae nyuma, Mzee."

"Dad, just drive it," Hamdi alimsihi kutoka nje aliendeshe tu, kwani ndicho alichotaka, simu bado mkononi ikirekodi. "It's what you wanted."

Hakuinuka. Alimwangalia Hasmukh akichechemea na kuwaomba wageni radhi mmoja mmoja, na uso wake mwenyewe ulijaa utamu. Saa moja baadaye uani hapakuwa na mtu.

Wiki iliyofuata Hasmukh, kwa hasira, aliliuza basi kwa mtu wa Scotland. Daud hakuwahi kuliendesha barabarani. Nilipomuuliza kama anajuta, aliapa kwamba hata leo angekaa palepale.

Hamdi bado ana ile video: dakika kumi na moja za kiti cha dereva kitupu.